Kifungo

Kule Mudete walisema baba yako amekutia kifungoni.
Ulifika kwa bodaboda, Imbuga, dereva mbele, baba nyuma,
wewe katikati umebanwa kama gunia la mkaa,
na kwenye kifundo cha mguu nikaona alama ya kamba.
Katani. Ile ya kufungia ndama.
Sikuuliza. Miaka kumi na tisa ya umatroni
imenifundisha kuisoma alama hiyo upesi kuliko barua ya daktari.
Mama yako huchuma chai ya watu, hana wa kumwachia mtoto.
Sikumlaumu.
Nilimlaumu kidogo.

Usiku ule nilikushonea jina kwa uzi mwekundu:
shuka, blanketi, mashati matatu, soksi moja
(ya pili hukuja nayo).
Herufi sita usizozijua hadi leo,
lakini wekundu wake unaujua; unaupapasa gizani kwa kidole
ndipo usingizi unakubali.

Bweni lina vitanda kumi na vinane, magodoro yamevishwa nailoni.
Kuna Alusiola, anayelia mvua ya mawe ikipiga bati,
na huku kwetu Vihiga mvua ya mawe haina adabu.
Kuna Amiani, mla sabuni.
Odera wa kifafa namlaza karibu na mlango wangu
upande wa kushoto, maana sikio la kulia lilishastaafu.
Muhula ule pesa za serikali zilichelewa.
Tulikula mahindi na kunde,
kisha mahindi na mahindi.

Nawe nilianza na kifungo kimoja tu,
kikubwa, cha koti la marehemu mume wangu,
nikakishona kwenye kipande cha blanketi.
Sukuma. Vuta. Sukuma.
Muhula wa kwanza ulikitia mdomoni.
Wa pili ulikinyofoa ukakirusha, kikatua
ndani ya chai ya Mwalimu Vugutsa.
Wa tatu, Jumanne, tukisubiri nguo zikauke,
kilipenya tunduni, kikatokea upande wa pili,
ukakitazama kana kwamba kimezaliwa.
Nilipiga kigelegele, mimi mjane wa miaka hamsini na sita,
mpishi akaja mbio na mwiko akidhani ni nyoka.

Fomu ya ripoti ina visanduku vyake:
Kusoma. Kuandika. Hesabu.
Nilitafuta pa kukuweka, nikakosa.
Nikaandika pembeni, *Amemaliza kifungo*,
nikasoma tena, nikafuta.
Huko afisini wangedhani umetoka jela.

Leo tumefunga shule.
Wazazi wamekuja, si wote; sita watabaki nami
na uji wa likizo.
Baba yako amevaa shati la kanisani, jeupe, vifungo saba.
Akauliza, Sasa yuko darasa la ngapi?
Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Wewe ndiye uliyemsogelea.
Ulimfungua cha kwanza, akaruka, akatazama wazazi wenzake.
Nikamwambia, Mwache, baba Imbuga.
Ukavifungua vyote, fulana yake yenye matundu ikaonekana mbele za watu,
naye akasimama, mikono imening'inia,
kama mtoto anayevalishwa.
Kisha ukaanza kufunga.
Ulikosea, mwanangu. Cha kwanza ulikitia tundu la pili,
na vingine vikafuata kosa lile kwa utiifu mpaka chini.
Ilichukua muda gani, sijui. Pikipiki ilikuwa ikinguruma langoni,
dereva akapiga honi, halafu akaizima.

Mmeondoka kwa miguu hadi barabarani, umemshika kidole,
kola yake upande mmoja juu, upande mwingine chini,
kifungo cha mwisho hakina pa kwenda.
Nilisimama getini nikiwatazama.
Kwenye kinu cha kusaga alisalimiana na watu,
mmoja akamwonyesha shati lake kwa kidole.
Akalitazama.
Hakulirekebisha.